Kamera katika Nyumba ya Mchungaji

Nyumba ya mchungaji hapa Usevya ina kazi mbili. Mmoja wetu anahubiri, anabatiza na kuzika. Mwingine anapiga picha. Watu wanaotutembelea huanza na ile kazi ya kwanza, kisha huiulizia ya pili kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia ugonjwa. Tulipoombwa kuandika kuhusu imani na kazi za mikono, tulikubaliana kuandika juu ya hiyo ya pili, maana ya kwanza ina watetezi wa kutosha. Aliyeshika kalamu ni mchungaji, lakini Mama amesoma kila ukurasa, na pale alipotikisa kichwa tumefuta.

Kwa msomaji asiyepafahamu kwetu: Usevya iko mkoani Katavi, upande wa kusini wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ukitoka Mpanda mjini unapita Sitalike, unaivuka hifadhi ndani ya basi huku ukipambana na mbung'o dirishani, ndipo unakuja kwetu kwenye mpunga. Wenyeji ni Wapimbwe. Wafipa na Wasukuma ni wengi pia, na wengine, kama sisi, tumeletwa na kazi. Walutheri tu wachache. Ndugu zetu Wakatoliki wana mizizi mirefu zaidi katika nchi hii, maana mapadre wao wako Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, tangu mwaka 1885. Usharika wetu una mitaa ambayo wakati wa masika hufikiwa kwa pikipiki nusu ya njia na kwa miguu nusu iliyobaki. Sadaka huja kwa madebe ya mpunga kuliko kwa noti, na mwaka ambao mvua imekosea hata madebe huwa machache.

Mapenzi ya picha ni ya Mama, nayo ni ya tangu utoto. Mjomba wake alikuwa na studio ndogo Mbeya, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa maua na ndege ya abiria, na nyuma yake chumba cha giza chenye balbu nyekundu. Kazi yake ya kwanza, akiwa darasa la nne, ilikuwa kubeba ndoo za maji ya kusuuzia picha. Mpaka leo anasimulia jinsi karatasi nyeupe ilivyolazwa ndani ya beseni la dawa, pasiwe na kitu, kisha uso ukaanza kuja: kwanza nywele na mboni za macho, kwa sababu sehemu nyeusi ndizo hutangulia, halafu midomo, na mwisho kola ya shati. Anasema alikuwa akishika pumzi. Mjomba alimwambia, "Pumua, mwanangu, hatoroki huyu."

Hakuna aliyefikiri kuwa hiyo ingekuwa kazi yake. Studio ilikuwa ya wanaume, na binti aliyebeba ndoo alikuwa binti aliyebeba ndoo. Alimaliza kidato cha nne, akauza duka la shangazi, kisha akaolewa na mwanafunzi wa theolojia wa Makumira ambaye mali yake yote ilikuwa vitabu na koti moja. Mjomba alitupa zawadi ya Yashica iliyokwishatumika. Kamera ile ilihama nasi kutoka usharika mmoja hadi mwingine, imefungwa kwenye kitenge, ndani ya sanduku pamoja na vyeti. Filamu ya picha 36 ilidumu miezi minne au mitano. Mama alikuwa akipiga picha moja, anafunga kamera, na kuhesabu kidoleni zimebaki ngapi. Filamu ikiisha ilisubiri mtu wa kwenda mjini kusafishiwa, na picha zikirudi, mtoto aliyepigwa akiwa anatambaa alikuwa ameshaanza kukimbia.

Halafu filamu zenyewe zikapotea madukani. Kampuni ya Kodak, ambayo mwaka 1888 ilianza kuuza kamera ambayo mtu wa kawaida angeweza kuitumia bila kusomea, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Sisi tulijua habari hiyo kwa njia nyingine: maabara ya picha tuliyoizoea mjini iligeuka duka la simu. Yashica ikabaki pambo juu ya kabati.

Tulipohamia Usevya, Mama aliona kitu ambacho mchungaji hakukiona. Kila wiki mtu fulani alikuwa anapanda gari kwenda mbali kutafuta picha za pasipoti: mtoto anaanza kidato cha kwanza, kijana anaomba kazi, mkulima anajaza fomu ya mkopo. Nauli ilikuwa mara kadhaa ya bei ya picha. Mama alikuwa mwanachama wa vikoba. Alikopa, akanunua kamera ya kidijitali iliyotumika, printa ndogo na sola, akakodi kibanda cha mbao sokoni, akapaka rangi ubao mmoja wa ukuta uwe bluu na mwingine mweupe. Siku ya kwanza walikuja wateja watatu. Wa tatu alitaka tu kujiona kwenye kioo.

Manung'uniko yalianza kabla mkopo haujafika nusu. Katika kikao cha baraza, mzee wetu mmoja, mtu wa sala tunayemheshimu sana, alisimama na kusema kwa upole, "Baba Mchungaji, sisi hatuna ugomvi. Lakini Mama yetu anakaa sokoni na vijana wa bodaboda. Mgeni akiuliza Mama Mchungaji yuko wapi, tuseme yuko dukani anawaambia watu wainue kidevu?" Watu walicheka, naye hakucheka. Hoja yake ilikuwa ya kweli na alikuwa na Maandiko nayo: Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Kama nyumba ya mchungaji inatafuta riziki sokoni, maana yake usharika umeshindwa kuilisha, na hiyo ni aibu ya usharika. Tulielewa baadaye kwamba kilichomuuma mzee kilikuwa hicho, si bodaboda.

Tulijibu kwa kumfungulia Matendo ya Mitume sura ya 18. Paulo yuleyule, akifika Korintho, anakaa kwa Akila na Prisila na kufanya kazi pamoja nao, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja: kushona mahema. Hawa ni mume na mke. Wanafanya kazi ya mikono, wanalea kanisa nyumbani mwao, na Apolo, msemaji hodari, anachukuliwa na wote wawili ili afundishwe vizuri zaidi. Hatusomi popote kwamba Prisila aliulizwa kwa nini ana sindano mkononi.

Kwa sisi Walutheri kuna jambo la ziada. Luther alipoandika mwaka 1520 kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima kila mmoja ana ofisi ya kazi yake, na kwamba wote waliobatizwa ni makuhani, alikuwa anavunja ukuta uliosema kwamba wito ni wa mapadre na watawa tu. Tunalifundisha jambo hili kwenye kipaimara na watoto wanalikariri. Lakini tukimwona binti ana kipaji cha mikono bado tunamwuliza atasomea nini, kana kwamba mikono hiyo si kitu. Naye Luther mwenyewe aliishi kwa jasho la mke wake kuliko tunavyopenda kukumbuka. Katharina von Bora, waliyeoana mwaka 1525, alilima, alifuga, alipika pombe ya shayiri, alipangisha vyumba kwa wanafunzi katika ile nyumba kubwa iliyokuwa ya watawa, na mwaka 1540 wakapata shamba la Zülsdorf alilolisimamia yeye. Mezani pale ambapo wanafunzi waliandika kila neno la Daktari Luther, chakula kilikuwa cha Katharina. (Tulipolisema hili kwenye kikao cha akina mama, hakuna aliyeuliza juu ya pombe ya shayiri. Waliuliza shamba lilikuwa la ekari ngapi.)

Mzee hakushawishika siku ile. Alisema atatafakari, na kwa mtu kama yeye hilo si neno la kukwepa.

Swali jingine, gumu zaidi, liliulizwa na mwinjilisti wetu kijana: je, picha si ile sanamu iliyokatazwa? Kwenye mtaa mmoja kuna watu waliohama kutoka makanisa yaliyofundisha hivyo. Tulimweleza habari za Wittenberg. Wakati Luther amefichwa katika ngome ya Wartburg, wenzake walianza kuvunja na kutoa sanamu makanisani. Machi 1522 alirudi, akapanda mimbarani siku nane mfululizo, akawatuliza watu. Hakutetea kuabudu sanamu hata kidogo. Alisema kwamba ukitoa sanamu ukutani bila kuitoa moyoni hujafanya kitu, na kwamba kuilazimisha dhamiri ya mtu kwa nyundo si Injili. Rafiki yake Lucas Cranach alikuwa mchoraji mjini humo, tajiri, mwenye karakana, duka la dawa na mashine ya kuchapa. Agano Jipya la Kijerumani la mwaka huo wa 1522 lina picha za Ufunuo zilizotoka katika karakana hiyo. Sura ya Luther tunayoijua sote, ile ya kwenye kalenda za KKKT, tunaijua kwa sababu Cranach na mafundi wake waliichora tena na tena na kuiuza. Ilikuwa biashara, na imetuhifadhia uso wake kwa miaka mia tano. Na nyuma zaidi kuna Bezaleli wa kabila la Yuda, katika Kutoka 31, ambaye Mungu alimjaza Roho ili awe fundi wa dhahabu, mawe na mbao. Mwinjilisti alikubali habari ya Bezaleli. Habari ya Cranach alisema ni ya wazungu.

Kwa vijana wanaokuja kibandani kuuliza kama kazi hii inaweza kumlisha mtu, Mama huwasimulia habari za Mohamed Amin, na hizo si za wazungu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na akiwa bado mwanafunzi alijipatia kamera kuukuu aina ya Box Brownie, kisanduku tu chenye kioo mbele. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka kama 20, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, palepale Dar es Salaam. Mwaka 1966 alifungwa gerezani Zanzibar kwa muda wa karibu mwezi mmoja kwa sababu ya picha alizopiga, kisha akahamia Nairobi. Oktoba 1984 alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na filamu aliyoipiga pale ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa ilirushwa dunia nzima. Ndiyo iliyozaa muziki wa kuchangisha, na mwaka uliofuata tamasha la Live Aid. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, mlipuko uliomuua mwenzake John Mathai. Akawekewa mkono wa bandia na kurudi kazini. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Alikuwa Mwislamu, na mara moja mzazi alituuliza kwa nini Mama Mchungaji anawapa watoto wa kipaimara mfano huo. Tulimjibu kwamba Msamaria naye hakuwa wa sinagogi. Lakini Mama hamsimulii kama shujaa wa sinema. Husimulia hasa lile jambo la Korem. Mtu yuleyule mwenye kamera anaweza kumwangalia mwenye njaa ili amwokoe, au ili amwuze. Kwa mtazamaji picha zinaweza kufanana. Tofauti iko kwa aliyeshika kamera na kwa aliyepigwa.

Jambo hilo lilitufika. Miaka kadhaa iliyopita wageni fulani walikuja kuona mradi katika moja ya mitaa, nao walitaka picha za kupeleka kwao. Malipo waliyoyataja yangemaliza deni la vikoba na kununua lenzi. Mama alipofika mtaani, akina mama walikuwa wameshawaosha watoto na kuwavika nguo za Jumapili, maana wamesikia wanapigwa picha. Msemaji wa wageni aliomba watoto wavue, wavae za kila siku, na mmoja mwenye makamasi asifutwe. Mama alimfuta makamasi, akawapiga picha wote wakiwa na viatu. Wageni walizikataa. Tulirudi nyumbani na picha ishirini na mbili za watoto nadhifu na bila hata nauli. Usiku ule tulizungumza mpaka taa ya sola ikazima. Mmoja wetu alihofia mradi wenyewe ungekufa na watoto walewale wakakosa msaada. Mwingine alisema msaada wenye sharti la makamasi utawafuata watoto hao mpaka wawe watu wazima. Mradi haukufa, lakini hatukulijua hilo usiku ule. Picha zile Mama alizichapa kwa gharama yetu na kupeleka moja kwa kila nyumba.

Tulichokuwa hatujakijua tulipoanza ni kiasi gani kazi hii ingetupeleka kwenye misiba. Msomaji anajua desturi: mbele ya jeneza mtu hutembea na picha ya marehemu iliyowekwa kwenye fremu. Mjini ni jambo dogo. Huku, familia hukaa chini na kugundua kwamba bibi aliyeishi miaka themanini ana picha moja tu, ile ya kitambulisho, amekunja uso kwa sababu aliambiwa asitabasamu. Wanakuja kibandani na kitambulisho hicho usiku, mazishi ni kesho. Mama anakipiga picha, anakikuza, anaondoa mikwaruzo polepole, jicho kwa jicho, na asubuhi mchungaji anasimama kaburini mbele ya uso ambao usiku kucha ulikuwa mezani petu karibu na sufuria ya uji.

Mara moja alifariki mtoto wa miaka minne kutoka familia ya Kisukuma iliyohamia bondeni na ng'ombe wao. Homa, siku tatu. Hakuwa na kitambulisho wala picha ya simu, maana simu ya baba yake ilikuwa ya vitufe. Mama mtu aliuliza swali moja tu, "Nitamkumbukaje?" Mama aliwasha kompyuta na kuanza kupitia picha za kipaimara cha mwaka uliotangulia, mamia, kwa sababu dada wa mtoto huyo alikuwa amepakwa mikono siku ile. Ilipofika karibu saa nane usiku alimpata: pembeni kabisa ya picha ya pamoja, nyuma ya gauni jeupe la dada yake, nusu ya mwili, anatafuna muwa, anaangalia moja kwa moja kwenye kamera. Alikata kila kitu kingine akabaki mtoto na muwa wake.

Hapo ndipo tulipotofautiana, na hatujapatana mpaka leo. Mchungaji anaona picha ya msiba isilipiwe. Mazishi hayalipiwi, na hii ni sehemu ya mazishi. Mama anasema wino unalipiwa, karatasi inalipiwa, na kibanda kikifungwa kwa hasara mtoto wa kesho hatapatikana pembeni ya picha yoyote. Kwa mtoto yule hakudai kitu. Kwa watu wazima hudai nusu ya bei, na hudai mapema, kabla ya vilio, ili asidai wakati wa vilio. Kuna waliosema vibaya juu ya jambo hilo. Mzee wetu yule wa kikao hakuwa miongoni mwao. Mke wake alipofariki alikuja mwenyewe, akalipa nusu yake kwa noti zilizokunjwa vizuri, na kuomba picha mbili: moja ya kutembea mbele ya jeneza, nyingine ndogo ya kuweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Vijana hutuuliza kama tumetajirika. Printa ya kwanza ilikufa kwa vumbi. Simu zimechukua harusi nyingi. Siku hizi mchungaji anafungisha ndoa mbele ya ukuta wa mikono iliyoinuliwa, na bwana harusi anaangalia simu ya shemeji wakati wa kusema "ndiyo". Hata hivyo simu huibwa, huanguka mtoni, hujaa, na watu wamejifunza kuja kibandani kuchapisha kabla hayajawapata. Karo za wanetu wawili zimetoka pale. Mwaka ambao mvua iliharibu mpunga, kibanda ndicho kilichonunua mafuta ya pikipiki ya mchungaji, na baraza liliandika hivyo kwenye muhtasari, kwa mkono wa katibu, bila maoni.

Sasa Mama ana mwanafunzi, binti aliyebarikiwa miaka miwili iliyopita. Baba yake alitaka aende kusomea uuguzi na bado anataka. Binti anabeba kamera badala ya ndoo, lakini Mama amemfungia siku ya kwanza ya kila mwezi: siku hiyo anaruhusiwa kupiga picha 36 tu, wala hafuti hata moja. Analalamika. Picha zake za siku hiyo ni bora kuliko za mwezi mzima uliobaki.

Wote wawili wana hamu ya kwenda hifadhini. Kila kiangazi, mto Katuma unapokauka na kubaki madimbwi, viboko hujazana humo kwa mamia, mgongo juu ya mgongo, na watu husafiri kutoka ng'ambo ya bahari kuja kuwapiga picha. Sisi tumewaona kwa dirisha la basi tu, na dereva hasimami. Mama ameshauliza kiingilio cha Mtanzania ni kiasi gani na gari la kukodi ni kiasi gani. Kiingilio tunakiweza. Kuhusu gari, mzee wetu amesema mwanawe ana Noah, na kwamba kama kuna nafasi, naye angependa kwenda.